Msijifiche nyuma ya picha ya Grant Fuhr: barua ya wazi kwa viongozi wa hoki ya vijana

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Utendaji,
Chama cha Hoki ya Barafu ya Vijana (jina nimelihifadhi),
Alberta, Kanada.

YAH: MALALAMIKO YASIYOJIBIWA, NA JINA LA GRANT FUHR KUFANYWA NDIYO JIBU

Ndugu Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Malalamiko haya, kwamba mwanangu kipa alitukanwa kwa mlio wa nyani kisha akawekwa benchi yeye, mnayo tayari, kwa Kiingereza, kwa maandishi, pamoja na majina ya watu wazima walioshuhudia. Barua haikujibiwa. Kilichonifikia ni maneno ya mdomo ya mjumbe wenu mmoja, koridoni, karibu na lango la mashine ya kusawazishia barafu: kwamba Alberta hii ndiyo iliyomlea Grant Fuhr, kipa Mweusi maarufu wa hoki ya barafu, picha yake iko ukutani pale kwa kila mwenye macho, kwa hiyo tusiwaletee habari za ubaguzi. Naandika hadharani, na kwa Kiswahili, kwa sababu wazazi waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya wenye watoto kwenye timu zenu wanaambiwa maneno ya aina hiyo mmoja mmoja, kila mtu akidhani yamemkuta yeye tu. Nakala ya Kiingereza mtaletewa tena, msiwe na shaka.

Mmemtaja Fuhr wenyewe. Basi naanza naye.

1. Fuhr mnayemsimulia ni nusu mtu.

Chini ya picha ile mmeandika kwamba alizaliwa Spruce Grove mwaka 1962, akabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mara tano, akapata tuzo ya Vezina ya kipa bora, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mwaka 2003. Yote ni kweli, na hongera kwa kuyaandika bila kukosea. Lakini mliyoyaacha ndiyo yanayotuhusu sisi.

Fuhr alichukuliwa akiwa kichanga na Bob na Betty Fuhr, mume na mke Wazungu, wakamlea kama damu yao. Yeye mwenyewe si mtu wa kulalamika kuhusu utoto wake, wala mimi simsemei. Ila tazameni alivyoingia uwanjani: aliingia akiwa mtoto wa Bob na Betty, watu wa mji, wasiohitaji kumweleza mtu yeyote wao ni nani na wamefikaje pale. Siku ya siku, kulikuwa na mzazi ambaye sauti yake ingehesabika kikaoni. Sisi tukisimama kikaoni watu hutazama simu zao, na lafudhi zetu huwa sababu ya kuombwa turudie mpaka muda wetu uishe.

Mwaka 1981 Edmonton Oilers, timu ya NHL ya hapa Alberta, walimchagua wa 8 katika uteuzi wa vijana, akitokea timu ya vijana ya Victoria Cougars. Wapo waliojiuliza kipa wa nini tena, kwa kuwa kipa Andy Moog alikuwa ndiyo kwanza ameisaidia timu hiyohiyo kuitoa Montreal kwenye mtoano. Fuhr akajibu kwa miguu na mikono: msimu wake wa kwanza alikwenda mechi 23 mfululizo bila kupoteza. Alikuwa na miaka 19.

Mwaka 1984 fainali ilianzia ugenini, kwa New York Islanders waliokuwa wamebeba kombe miaka minne mfululizo. Oilers walishinda 1-0. Ile timu ya nyota Wayne Gretzky, iliyozoea kufunga matano na sita, usiku ule ilipata goli moja tu, na goli moja likatosha kwa sababu ya aliyesimama langoni. Kombe likaja Edmonton, na Fuhr akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kulitwaa. Mwaka uliofuata, katika fainali dhidi ya Philadelphia, alipigiwa penalti mbili katika mechi mbili tofauti. Hakuna iliyoingia. Mwaka 1987 Kanada ilikutana na Wasovieti katika fainali tatu za Kombe la Kanada, mashindano ya mataifa, na zote tatu ziliishia 6-5. Kipa wa Kanada katika zote alikuwa yeye.

Hapo kwenye 6-5 ndipo nataka makocha wenu wasimame kidogo. Oilers walikuwa nyumba isiyo na mlango: Gretzky, Messier, Kurri na Coffey wote wamepanda kushambulia, nyuma kabaki mtu mmoja na pedi zake. Msimu wa 1987-88 Fuhr alicheza mechi 75, akafungwa wastani wa magoli 3.43 kwa mechi, akashinda 40. Kipa wa leo mwenye wastani huo hata mkataba hapati. Yeye alipewa Vezina, na katika kura za mchezaji bora wa ligi nzima akashika nafasi ya pili nyuma ya Mario Lemieux. Waliopiga kura walielewa kazi yake: anafungwa la tatu, anakunywa maji, anazuia la nne. Hayo hayajengeki kwa kipa anayeondolewa golini kila linapotokea jambo. Nitalirudia hili katika namba 3, maana linawahusu.

Sasa yale yasiyoandikwa ukutani. Mwaka 1990 Fuhr alikiri hadharani kwamba kwa miaka mingi alikuwa akitumia dawa za kulevya, na kwamba alikuwa ameshatafuta matibabu mwenyewe. Rais wa ligi wakati huo, John Ziegler, alimfungia mwaka mzima, adhabu iliyopunguzwa baadaye. Aliporudi Februari 1991 mashabiki wa ugenini walimpungia mifuko ya sukari wakimdhihaki. Katika mechi yake ya kwanza tangu arudi, New Jersey hawakupata goli hata moja. Oilers walishinda 4-0. Simtetei kwa dawa za kulevya. Nasema tu kwamba mchezo huu ukitaka kuadhibu, njia unaijua. Mtu Mweusi aliyejidhuru mwenyewe alihukumiwa kwa kauli kali na adhabu ndefu. Anayemdhuru mtoto wa mwenzake kwa matusi ya rangi, mnaniambia kanuni hazipo wazi.

Halafu mwaka 1993. Fuhr yuko timu ya Buffalo, Marekani, ana vikombe vitano, anaomba uanachama katika klabu ya gofu ya huko pembezoni mwa jiji. Akakataliwa, wakati wachezaji wenzake Wazungu walikuwa wamepokelewa. Sababu waliyoitoa? Eti fomu yake ilikuwa na taarifa zisizo sahihi na zisizokamilika. Kelele zilipopigwa, klabu ikageuka, ikamwomba radhi na kumfungulia mlango. Ndugu Mwenyekiti, naomba uikumbuke hiyo fomu. Nasi tumeambiwa ya kwetu haikukamilika.

Mwaka 1995 alifika timu ya St. Louis akiwa na unene ambao kocha Mike Keenan hakuukubali, akamrudisha nyumbani kutoka kambini. Alivyorudi akacheza mechi 79 kati ya 82 za msimu ule, 76 kati ya hizo akianza mfululizo, akiwa na miaka 33. Na mwisho akarudi hapahapa Alberta, Calgary, msimu wa 1999-2000, akapata ushindi wake wa 400 akishirikiana lango na Fred Brathwaite. Makipa wawili Weusi katika timu moja ya jimbo hili. Ningekuwa mimi ninayetengeneza mabango yenu ya Februari, mwezi wa historia ya Weusi, picha ya wale wawili ndiyo ningeitafuta kwanza.

2. Yaliyomkuta mwanangu golini, na kifungu mnachokijua.

Msimu uliopita, mechi ya vijana wa chini ya miaka 13. Kabla ya kipindi cha pili mwanangu alikuwa anakwaruza barafu ya eneo lake kwa viatu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama makipa wote wanavyofanya ili pasiwe na utelezi. Mchezaji wa timu pinzani akapita mbele yake akitoa mlio wa nyani. Akazunguka wavu, akarudi, akautoa tena, safari hii akijikuna kwapani kwa glovu. Mwanangu akainua kinga ya uso akamtazama refa wa mstari, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale. Refa akaangalia saa ya ubaoni. Kisahani cha kuchezea kikaangushwa, mechi ikaendelea.

Tangu msimu wa 2021-22 kitabu cha kanuni cha Hockey Canada, chombo cha hoki cha taifa, kina sehemu nzima ya 11 kuhusu unyanyasaji, na kifungu cha 11.4 kinautaja ubaguzi waziwazi. Tuliandika tukikitaja kifungu hicho. Tulichoambiwa, tena kwa mdomo, ni kwamba refa hakusikia, na kwamba namba ya jezi ya yule mchezaji haikuandikwa kwenye kisanduku chake cha fomu ya malalamiko. Namba ipo. Ipo kwenye maelezo, mstari wa pili. Refa kutosikia hakuwafutii wajibu wa kuwauliza waliosikia, nao ni pamoja na mzazi wa timu pinzani, ambaye kwa uungwana wake alijitolea kutoa ushahidi. Mpaka leo hajaulizwa.

3. Aliyeadhibiwa ni mtoto aliyetukanwa.

Hili ndilo lililonifikisha hapa. Baada ya mechi ile kocha alitueleza kwamba mwanangu angepumzishwa golini "kwa usalama wake". Akakaa benchi kwenye mechi zilizofuata, pedi zimefungwa, kofia magotini, huku aliyetoa milio ya nyani akicheza kila wiki. Alipotuuliza amekosea wapi, mimi na mama yake hatukuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka 12 angelielewa.

Kumlinda kipa ni kusimama naye. Glen Sather aliyeijenga Oilers hakuwa mtu laini, lakini Fuhr akifungwa matano Jumanne, Alhamisi alikuwa tena golini. Nyinyi mmemtoa mtoto ambaye hata kufungwa hakufungwa, alitukanwa tu. Na watoto wengine Weusi kwenye timu wameona somo lake: ukisema, unakaa benchi.

4. Vifaa.

Kwa ufupi. Seti mpya ya kipa wa umri huu hupita dola elfu moja za Kanada kirahisi. Chama huazima vifaa vya kipa kwa watoto wadogo tu. Wakivuka hapo, kila mzazi na mfuko wake. Kabatini kuna pedi za saizi kubwa zimekaa msimu mzima, tunaziona kupitia kioo. Hatuombi sadaka. Tunaomba zitoke kabatini kwa dhamana, kama zinavyotoka za wadogo.

Najua mtakavyojibu, kwa hiyo niokoe muda wa kikao.

Mtasema Fuhr hakuwahi kuilalamikia hoki ya Alberta. Mtu kunyamaza au kubahatika si hati ya usafi kwa chama ambacho hata hakuwahi kukichezea. Na aliyefungiwa mlango wa klabu ya gofu kwa kisingizio cha fomu si shahidi mzuri kwenu.

Mtasema ni mambo ya kale. Mwaka 2002 Kevin Weekes, kipa Mweusi wa Carolina, alirushiwa ndizi Montreal kwenye mechi za mtoano. Mwaka 2011 Wayne Simmonds alirushiwa ndizi London, Ontario. Novemba 2019, mwendo wa saa tatu kutoka tunapokaa, kocha wa Calgary alijiuzulu baada ya Akim Aliu, mzaliwa wa Nigeria, kueleza maneno ya kibaguzi aliyomwambia miaka kumi nyuma. Januari 2022 Boko Imama, ambaye wazazi wake ni wa Kongo, alifanyiwa ishara ya nyani katika mechi ya AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Ligi ile ikamfungia mhusika mechi 30. Wazazi wa Kikongomani kwenye majukwaa yenu wanalijua jina la Imama vizuri kuliko mnavyodhani, na wanaijua ile 30.

Mtasema watoto ni watoto. Sawa. Basi mtoto aliyetoa mlio afundishwe kama mtoto, akae nje mechi zinazotajwa na kanuni, aombe radhi, arudi kucheza. Sijaomba afukuzwe. Wala jina lake silitaji hapa, na yeyote anayelijua namwomba asilitaje.

Na kuna lile ambalo halisemwi kikaoni ila linasemwa kwenye maegesho ya magari: kwamba sisi ni wageni wa mchezo huu, tutauzoea. Mwaka 1895, miaka 22 kabla NHL haijaundwa, Weusi wa Halifax kule Nova Scotia walianzisha ligi yao kupitia makanisa ya Kibaptisti. Katika ligi ile kipa aliruhusiwa kujitupa chini kuzuia kisahani, na Henry Franklyn wa Dartmouth Jubilees anatajwa na watafiti kuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo. NHL ilipoanza, kipa kuangukia barafu kwa makusudi lilikuwa kosa. Ruhusa ilikuja Januari 1918. Kila kipa wenu anayepiga magoti kufunga nafasi ya chini anafanya jambo ambalo makipa wale Weusi walilifanya wakati wakubwa wa mchezo bado wanaliita kosa. Mgeni ni nani hapo, mtaamua wenyewe.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, jibu la maandishi kwa malalamiko yetu, lenye uamuzi na sababu zake, likieleza kifungu cha 11.4 kimetumikaje au kwa nini hakikutumika. Mashahidi waulizwe kabla ya jibu hilo kuandikwa.

Pili, agizo kwa makocha wote kwamba mchezaji aliyetukanwa kwa rangi au asili yake hataondolewa kwenye nafasi yake kwa sababu hiyo, isipokuwa yeye na wazazi wake wakiomba.

Tatu, mtu mmoja wa kupokea malalamiko ambaye hana mtoto kwenye timu inayolalamikiwa, na mkalimani kwa mzazi anayemhitaji. Waswahili tunaoweza kukalimani tupo, na tutafanya bila malipo.

Nne, pedi za kabatini zitolewe kwa dhamana kabla ya mazoezi ya kwanza.

Tano, maelezo chini ya picha ya Fuhr yaandikwe upya, na 1990 na 1993 zimo. Mkiona hayo ni mazito mno kwa ukuta wa watoto, basi iondoeni picha, lakini msiitumie tena kumjibu mzazi. Watoto wetu wanaweza kuubeba ukweli kwamba mtu alianguka, akafungiwa, akakataliwa mlangoni, na bado akashinda mechi 403. Tena utawafaa zaidi kuliko orodha ya makombe.

Tunasubiri jibu kabla usajili wa msimu ujao haujafunguliwa. Lisipokuja, tutapeleka shauri letu kwenye ngazi ya jimbo tukiwa familia kadhaa, si moja, na tutaomba lisikilizwe mbele ya wazazi wote. Ada ya msimu tutalipa kama kawaida, na mwanangu atajiandikisha kama kipa. Ameshasema hachezi nafasi nyingine.

Wenu katika michezo,

Mzazi wa kipa wa timu ya chini ya miaka 13

Nakala: Kocha Mkuu, Mratibu wa Marefa, Shirikisho la Hoki la Jimbo, Wazazi wote wa timu.